Zana za kupima kama watu wenye ulemavu wanaweza kutumia tovuti: ichaguliwe ipi?

dagaa_na_data (Kigoma)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna tovuti ya shirika dogo hapa Kigoma linalosaidia vikundi kuandaa maombi ya mikopo ya halmashauri, ile 10% ya mapato ya ndani: 4% wanawake, 4% vijana, 2% watu wenye ulemavu. Kwa sababu ya hiyo 2%, ni aibu fomu iwe ya kujazwa na mwenye macho na mikono mizima peke yake. Wanaoingia ni pamoja na wasioona, wenye ualbino, viziwi, na watu ambao mkono haushiki kipanya.

Hali ilivyo: WordPress, kurasa 60 hivi, zote kwa Kiswahili. Fomu moja yenye hatua 4. PDF za katiba ya mfano ya kikundi, baadhi zimeskaniwa. Matangazo mengi ni picha za JPG zilizotoka kwenye magrupu ya WhatsApp. Video 6. Vifaa vya kupimia ni laptopu ya Windows yenye RAM ya GB 8, simu ya Android ya bei nafuu, na bando.

Ukurasa wa mwanzo umepimwa kwa zana 3 za kivinjari: Lighthouse inaupa alama 96 kati ya 100, WAVE inaonyesha makosa 11, axe DevTools inasema 4. Ukurasa uleule, dakika ileile. Mfadhili anataka ripoti ya WCAG 2.1 (mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti) kiwango cha AA.

Maswali: ipi ya kuaminiwa? JAWS, ile programu ya kisoma-skrini inayomsomea asiyeona kwa sauti, ni lazima inunuliwe? Na ile plagini inayobandika kitufe chenye alama ya kiti cha magurudumu pembeni ya ukurasa, inamaliza kazi au ni urembo?

---

Mtemi_wa_Kiloleni (Tabora)

Hizo namba 3 hazigombani. Ni kama mtu apime mpunga kwa debe, kwa kilo na kwa gunia, halafu ashangae kwamba hazilingani.

Lighthouse haina injini yake ya ufikivu. Ndani yake imo axe-core, injini ileile ya axe DevTools kutoka kampuni ya Deque, ila inaendesha sehemu tu ya kanuni zake. Kila kanuni inapata pasi au feli, kisha inapewa uzito. Picha 1 isiyo na alt (maelezo ya picha yanayosomwa na kisoma-skrini) na picha 40 zisizo na alt zinakukata alama zilezile. Kwa hiyo 96 haikuambii tatizo ni kubwa kiasi gani, na hata 100 isikulaze usingizi: mwaka 2019 mtengenezaji mmoja wa tovuti wa Austria alijenga makusudi ukurasa usiotumika kwa kibodi, kwa kisoma-skrini wala kwa macho, na Lighthouse ikaupa 100 kamili.

WAVE inahesabu kila kosa mahali lilipo, na makosa ya rangi inayaweka kwenye hesabu yake ya pembeni. Kabla ya kulinganisha, hakikisha hizo 11 ni za upande upi. axe yenyewe imejengwa ili isimsingizie mtu: kisicho na uhakika haikiiti kosa, inakitupa kwenye fungu la mambo ya kukaguliwa na binadamu. Maandishi yaliyolala juu ya picha au juu ya rangi inayofifia yanaenda huko. Watu wengi hawalifungui hilo fungu, na ndimo mabaya yanamojificha.

Tofauti nyingine mbili zitakukuta kwenye fomu yako. Kisanduku chenye placeholder tu (yale maandishi hafifu ya ndani), bila lebo, axe inakipitisha kwa sababu kina jina la kusomwa. WAVE inakiita kosa. Hapo mfuate WAVE, maana placeholder inapotea mtu akianza kuandika, na mwenye kusahau haraka hajui tena aliulizwa nini. Ya pili: alt="IMG_20240311" kwa axe ni alt halali. WAVE inainua bendera kwamba hayo maelezo yana mashaka.

Ningechagua hivi: injini moja ya axe, na WAVE kama jicho la pili. axe DevTools na Accessibility Insights for Web ya Microsoft zinatumia injini moja, kwa hiyo kuziendesha zote mbili ni kuhesabu kuku yuleyule mara mbili. Mimi naipendelea Accessibility Insights. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Chrome na Edge, na ina kipimo cha Tab stops kinachochora duara zenye namba juu ya ukurasa kadiri unavyobonyeza Tab, ukaona kwa macho mpangilio unavyoruka.

Hizi ekstensheni, WAVE ikiwemo, zinafanyia kazi ndani ya kivinjari chako. Zinafika hatua ya 2, 3 na 4 za fomu, zinafika kurasa za kuingia kwa nywila, na haya majina na namba za simu za wanakikundi hayaendi kwenye seva ya mtu. WAVE ile ya kuandika anwani ya tovuti haifiki huko. Lighthouse nayo ukiiendesha kwa kawaida inapakia ukurasa upya, unarudishwa hatua ya 1. Badilisha kwenda Snapshot ndipo itapima hali iliyopo mbele yako, menyu ikiwa wazi au ujumbe wa kosa ukiwa umejitokeza.

Sasa kikomo chake. Mwaka 2017 kitengo cha huduma za kidijitali cha serikali ya Uingereza kilitengeneza ukurasa wenye vikwazo zaidi ya 140 vilivyowekwa makusudi, kikazipitishia zana za kupima. Iliyofanya vizuri kuliko zote ilikamata kama 40%. Kwa hiyo nusu nzuri ya kazi bado ni ya mikono na masikio.

---

Bangwe_kibodi (Kigoma)

Naongezea kwa Mtemi. Watu wakishamaliza zana za kivinjari hukimbilia NVDA, kisoma-skrini cha bure cha Windows. Wasubiri kidogo. Anza na kibodi tupu, NVDA ikiwa imezimwa.

Sababu yake: NVDA ikiwa katika hali ya kusoma, ukibonyeza Enter juu ya kitu kinachobofyeka inakipelekea kitu hicho mbofyo kama wa kipanya. Kitufe kilichotengenezwa kwa div na onclick kitafanya kazi vizuri kabisa ndani ya NVDA, utaandika "kimepita". Asiyetumia kisoma-skrini, ila mkono hauwezi kipanya, atabaki anabonyeza Tab na kitufe hakifikiki kabisa. Div haipokei Tab.

Chomoa kipanya. Tab kwenda mbele, Shift+Tab kurudi, Enter kwa viungo, Enter au Space kwa vitufe, mishale kwa vitufe vya kuchagua kimoja kati ya vingi, Esc kufunga dirisha lililoibuka. Unatafuta mambo manne. Je, unaona fokasi (alama ya mahali kibodi ilipo) iko wapi muda wote? Theme nyingi zina outline: none kwenye CSS, na hapo mtumiaji anatembea gizani. Je, menyu ndogo zinafunguka bila kipanya kupita juu yake? Dirisha likiibuka, Tab inabaki ndani yake au inazurura nyuma ya pazia, na likifungwa inarudi pale ilipotoka? Na kwenye fomu, ukibonyeza "Endelea" fokasi inakwenda kwenye kichwa cha hatua mpya, au inaanguka mwanzo wa ukurasa? Fomu za hatua nyingi huanguka hapo mara nyingi kuliko kwingine, kwa sababu JavaScript inaficha hatua ya zamani pamoja na kitufe kilichokuwa na fokasi.

Halafu ukuzaji. Hili ni la wenye ualbino na wengine wenye uoni hafifu, na kwa tovuti yenu ningelipa uzito sawa na kisoma-skrini. Weka dirisha la kivinjari upana wa pikseli 1280, kisha Ctrl na alama ya kujumlisha hadi 400%. Hapo ukurasa unajiona uko kwenye pikseli 320. WCAG 2.1 inataka maandishi yajipange upya bila kulazimika kusogeza kushoto na kulia. Kinachoharibu: majedwali, picha zenye upana uliofungwa, na bango la juu lisiloondoka. Kwa 400% bango hilo linaweza kumeza nusu ya skrini, na kisanduku unachojaza kikawa chini yake. Kwenye simu tafuta user-scalable=no ndani ya lebo ya viewport; inazuia kukuza kwa vidole. Hiyo axe inaikamata.

Rangi: maandishi ya kawaida yanahitaji uwiano wa 4.5:1, makubwa 3:1 (makubwa ni pikseli 24 kwenda juu, au kama 18.7 yakiwa mazito), mipaka ya visanduku na alama nako 3:1. Pakua Colour Contrast Analyser ya TPGi, ni ya bure, ina kidude cha kunyonya rangi popote kwenye skrini, hata juu ya picha ambapo axe imekataa kutoa hukumu. Mifano ya kwetu: maandishi meupe juu ya kijani cha WhatsApp #25D366 yanapata 1.98 tu. Meupe juu ya kijani cha bendera #1EB53A yanapata 2.7. Kijivu #777777 juu ya nyeupe kinafeli kwa unywele, 4.48, wakati #767676 kinapita kwa 4.54. Kitufe cha "Tuandikie WhatsApp" ukikipaka #075E54 unapata zaidi ya 7, na hakuna atakayelalamika kwamba hakitambuliki.

---

Sauti_ya_Isevya (Tabora)

Ya kwangu ni moja ambayo wenzangu hawajaigusa na zana zote zitaiacha ipite: lugha.

Fungua msimbo wa ukurasa, angalia lebo ya html. Kama WordPress ilisakinishwa kwa Kiingereza itakuwa lang="en-US". axe, Lighthouse na WAVE zinaangalia kama sifa hiyo ipo na kama ni msimbo halali wa lugha. Hazisomi maandishi yenyewe. Tovuti nzima ya Kiswahili yenye lang="en-US" inapata tiki ya kijani. Kisoma-skrini kinaiamini ile sifa, kinachukua sauti ya Kiingereza, na "mapato ya kikundi" yanasomwa na Mwingereza aliyeteremka kwenye treni asubuhi hii. Msikilizaji hapati hata nusu.

Nenda kwenye mipangilio ya jumla ya WordPress, chagua Kiswahili kama lugha ya tovuti. Ukiona hakimo au kinavuruga tafsiri za plagini nyingine, weka hii kwenye functions.php ya child theme:

add_filter( 'language_attributes', function( $sifa ) { return is_admin() ? $sifa : 'lang="sw"'; } );

Kipande cha Kiingereza kilichobaki ndani ya ukurasa, mfano jina la mradi wa mfadhili, kifunge kwenye span yenye lang="en".

Sasa NVDA. Ni ya bure, ilianza 2006, inatolewa na NV Access ya Australia, na inaweza kukaa kwenye flash bila kusakinishwa. Inakuja na sauti za eSpeak NG, na Kiswahili kimo. Sauti ni kavu kama bati, lakini matamshi yanaeleweka. Kitufe cha NVDA ni Insert. Kwenye laptopu washa Caps Lock itumike badala yake. Kabla ya yote fungua menyu kwa NVDA+N, ingia kwenye zana, washa kitazama-usemi: kila kinachotamkwa kinaandikwa kwenye kidirisha, kwa hiyo unaweza kunakili kwenda kwenye ripoti. Ctrl inainyamazisha. NVDA+Q inaizima, utaihitaji.

Usisome ukurasa kwa mshale kutoka juu hadi chini, hakuna asiyeona anayefanya hivyo. Kwenye utafiti wa WebAIM wa watumiaji wa visoma-skrini, karibu 7 kati ya 10 walisema wakitafuta kitu kwenye ukurasa mrefu wanaruka kwa vichwa vya habari. Bonyeza H. Kama H inakurusha kutoka jina la shirika hadi chini kabisa kwenye anwani, basi vile vichwa vinavyoonekana vikubwa ni maandishi yaliyokolezwa tu. Bonyeza K kwa viungo: "soma zaidi, soma zaidi, soma zaidi" mara 8 ni kosa la uandishi, si la msimbo. NVDA+F7 inakupa orodha yote kwa pamoja. F inaruka kwenye visanduku vya fomu, G kwenye picha, T kwenye majedwali, D kwenye maeneo ya ukurasa.

Kwenye fomu ndiko kwenye mtego. Ukiingia kwenye kisanduku NVDA inageuka kwenda hali ya kuandika na inatoa mlio. Tangu hapo, kwa Tab, inasoma visanduku na lebo zake tu. Maelezo yaliyo katikati, mfano "andika namba ya usajili kama ilivyo kwenye cheti", inayaruka kama hayapo. Yafunge kwenye kisanduku kwa sifa ya msimbo iitwayo aria-describedby. Ujumbe wa kosa nao: wekea role="alert", au peleka fokasi kwenye kisanduku chenye kosa. Kisanduku kugeuka chekundu peke yake hakuna sauti yake. Jaza makusudi vibaya kila hatua, usikilize.

---

dagaa_na_data

Asanteni sana, hasa dada wa Isevya. lang imebadilishwa, cache imefutwa, msimbo sasa unaonyesha sw. NVDA bado inasoma Kiingereza. Na kwenye simu je? Wengi hawana kompyuta kabisa.

---

Sauti_ya_Isevya (Tabora)

Bonyeza NVDA+Ctrl+S uone kinachozalisha sauti. Kwenye Windows 10 mara nyingi inajichagulia sauti za Windows zenyewe, na kama kati ya zilizosakinishwa hakuna ya Kiswahili haina pa kuhamia. Chagua eSpeak NG. Kisha kwenye mipangilio ya usemi hakikisha kubadili lugha kiotomatiki kumewashwa.

Simu: kwa watu wenu TalkBack ndiyo kisoma-skrini chenyewe, usiipime mwisho kama nyongeza. Mipangilio, Ufikivu, TalkBack. Kabla hujaiwasha weka njia ya mkato ya vitufe viwili vya sauti, vishikilie kwa sekunde 3. La sivyo utahangaika kuizima. Sauti ya Google ina Kiswahili, ipakue kwanza ukiwa na bando la kutosha. Kutelezesha kidole kulia ni kitu kinachofuata, kugonga mara mbili ni kubonyeza. Jaza fomu yote hivyo, skrini ikiwa imefunikwa. Kalenda za kuchagua tarehe ndizo hufa hapo: tarehe ya kuundwa kwa kikundi ya mwaka 2016 inadai kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Visanduku 3 vya siku, mwezi na mwaka vinatosha.

Accessibility Scanner ya Google ipo, lakini imetengenezwa kwa ajili ya app. Kwa tovuti usiitegemee.

---

Mwanga_Sokoni (Kigoma)

Naingilia kwenye JPG na PDF, kisha maswali mawili yaliyoachwa.

Tangazo la JPG: zana inaona picha yenye alt, inapita. Kama alt ni "Tangazo", asiyeona ameambiwa kuna tangazo na amenyimwa tangazo. Usijaribu kuingiza maneno 150 kwenye alt. Andika tangazo lote kama maandishi ya ukurasa, picha ibaki pambo chini yake. Hata bando la msomaji litakushukuru.

PDF: ekstensheni za kivinjari haziingii ndani yake. Tumia PAC, programu ya kukagua PDF, ya bure, ya Windows. PDF iliyoskaniwa itakuambia haina lebo hata moja, na kweli, ni picha ya karatasi. Usipoteze siku kuitia lebo. Katiba ya mfano ina sababu gani ya kuwa PDF? Kikundi kinatakiwa kuihariri. Iandike kama ukurasa wa kawaida na uweke faili ya Word yenye mitindo halisi ya vichwa vya habari.

Video: axe itakwambia tu "hakikisha ina manukuu". Haisikilizi. Video 6 si nyingi, andika faili za manukuu (SRT) kwa mkono. Manukuu ya maandishi ni kiwango A. Mkalimani wa lugha ya alama ni AAA, mfadhili hatakudai. Lakini kiziwi aliyekulia kwenye Lugha ya Alama ya Tanzania, Kiswahili cha kuandikwa kwake ni lugha ya pili, na Kiswahili cha kiofisi kinamchosha kuliko unavyodhani. Video moja ya "jinsi ya kujaza fomu" yenye mkalimani ina faida kuliko manukuu kwenye hotuba 5.

JAWS: usinunue. Toleo la majaribio linafanya kazi dakika 40 hadi uwashe kompyuta upya, lakini soma masharti yake kabla ya kulitumia kupimia kazi ya mteja. NVDA na TalkBack zinakutosha.

Plagini ya kitufe: hapana. Mwenye uoni hafifu ameshaweka ukuzaji wake kwenye simu, asiyeona ana kisoma-skrini chake. Kitufe kinawaongezea kitu kingine cha kujifunza, na hakiwezi kubuni lebo sahihi za fomu yako. Marekani, Januari 2025, tume ya biashara ya FTC ilitangaza kuidai kampuni ya accessiBe, wauzaji wa kitufe cha aina hiyo, dola milioni 1 kwa madai kwamba bidhaa yake ingeifanya tovuti yoyote itimize WCAG.

---

Mtemi_wa_Kiloleni (Tabora)

Kuhusu ripoti. Usipeleke picha ya alama za Lighthouse. WCAG 2.1 hadi AA ina vigezo 50, na ripoti inatakiwa iseme kwa kila kimoja: kimetimia, hakijatimia, hakihusiki. W3C, shirika linaloandika WCAG, wana utaratibu uitwao WCAG-EM pamoja na fomu ya bure ya kuandikia ripoti hiyo mtandaoni. Huhitaji kupima kurasa 60 kwa mkono. Chagua kwa aina: wa mwanzo, wa makala, orodha ya makala, wenye jedwali, wenye video, mawasiliano, utafutaji, hatua zote 4 za fomu, ukurasa wa kosa, ukurasa wa "maombi yamepokelewa". Kwenye hizo ongeza za kubahatisha 10%, maana yake 1 au 2. Fomu ihesabiwe nzima: hatua ya 3 ikifeli, fomu yote imefeli.

Toleo 2.2 la WCAG lilitoka Oktoba 2023, lina vigezo 55 kwa AA. Mfadhili ameomba 2.1, mpe 2.1, ila viwili vya 2.2 vitie tangu sasa: vitufe visipungue pikseli 24 kwa 24, na msimbo wa SMS uruhusiwe kubandikwa badala ya kukaririwa.

Kurasa zilizobaki ziachie mashine. Pa11y CI inapita tovuti nzima kwa amri moja, ukishakuwa na Node.js:

npm install -g pa11y-ci
pa11y-ci --sitemap https://anwani-yenu/wp-sitemap.xml

Angalizo la bando: ukisakinisha hivyo inashusha Chrome nyingine nzima, MB zaidi ya 100. Weka kwanza PUPPETEER_SKIP_DOWNLOAD=true, kisha kwenye faili la .pa11yci iambie itumie Chrome uliyonayo, kwa chromeLaunchConfig na executablePath. Hapohapo weka "runners": ["axe", "htmlcs"], kwa sababu bila hivyo inatumia injini ya HTML_CodeSniffer (htmlcs) peke yake.

Na kabla ya kusaini, tafuta watu 3 hadi 5, kila mmoja na aina yake ya ulemavu na simu yake mwenyewe, siyo yako. Chama cha Wasioona Tanzania, CHAVITA (chama cha viziwi) na chama cha watu wenye ualbino ndio pa kuulizia. Wapeni kazi moja: jaza maombi hadi mwisho. Usiwaelekeze, usiwashike mkono, andika dakika na mahali walipokwama. Na mlipe muda wao na nauli; huyo ni mkaguzi, hajaja kuomba msaada.

---

dagaa_na_data

Pa11y imeendeshwa. Kurasa 22 zimegoma kwa kuishiwa muda. Zilizobaki zinalia "duplicate id" zaidi ya mara 300, zote 4_1_1.F77. Tuanzie wapi?

---

Mtemi_wa_Kiloleni (Tabora)

Muda: kawaida ni sekunde 30 kwa ukurasa. Weka "timeout": 90000 na "concurrency": 1. Ukurasa unaogoma hata hapo una picha za MB kadhaa, na huo mtu wa bando hajawahi kuuona ukifunguka, kwa hiyo nao uandike kwenye ripoti.

F77 ni za kigezo 4.1.1 cha WCAG, kinachohusu usafi wa msimbo. W3C walikiondoa kwenye 2.2, na kwa 2.1 wakasema kihesabiwe kimetimia siku zote. Kizime kwenye "ignore". Ila kabla ya kukizima, chuja id zinazotajwa na for, aria-labelledby au aria-describedby. Hizo zikijirudia, lebo ya "Jina la mwenyekiti" inaweza kuwa imeshikwa na kisanduku cha fomu ya utafutaji, na hilo NVDA italisoma bila haya. Pengine zitabaki 5 au 6. Anzia hizo.